Lambo Linalojaa Mchanga

Jumanne, 2 Desemba 1997

Mvua siku ya tano! Korongo linanguruma. Nimekwenda kwenye lambo jipya la kijiji na chupa zangu za kupimia maji. Mazoea ya miaka kumi na minane Idara ya Maji — kazini walinipunguza, mazoea hawakuyaweza. Maji mekundu. Nimeweka chupa mezani, dakika mbili tu mchanga umetua vidole viwili. Tope laini hadi jioni bado linaelea.

Nilimwambia mkandarasi kabla hajachimba. Mteremko huu mkali, maji ya kasi yanabeba mchanga. Yakifika lamboni yanapunguza mwendo, yanaubwaga wote humo. Jenga kwanza vizuizi vya mawe huko juu. Akacheka. Eti hayo mambo ya Idara, siku hizi soko huria, kazi chapuchapu.

Jumapili, 14 Desemba

Nimepima kwa mti. Walichimba mita tatu. Leo maji ni mita moja na robo! Chini mchanga mtupu. Na masika yenyewe bado.

Mwenyekiti wetu, Gervas, anasema watu wote wanaona maji, mimi peke yangu naona mchanga. Eti wivu wa mtu aliyepunguzwa kazi. Mbele ya watu, nje ya kanisa.

Alhamisi, 18 Desemba

Ng'ombe wa jirani yangu Alphonce kanasa kwenye tope, ukingoni mwa lambo. Wanaume tisa na kamba. Tumemtoa kafa. Alphonce akakaa palepale matopeni.

Jumatatu, 22 Desemba

Mkandarasi yuko sebuleni na Gervas. Wana karatasi: kina mita tatu, ithibitishwe na fundi. Fundi ni mimi! Nikisaini, kampuni inaniajiri — nipime malambo yake yote hadi Ikungi. Yote ya namna hii.

Nikawaambia, ikifika Agosti hapo watoto watacheza mpira.

Mke wangu Febronia akaniita jikoni. Nilidhani ataniunga mkono, lambo likikauka ni yeye wa kurudi kisima cha mbali. Akasema: Baba Faith, maji nitachota mimi. Wewe saini. Miaka miwili unakaa na chupa!

Nikawaambia wageni natafuta kalamu, nikaingia huku chumbani. Wanakunywa chai. Gervas anacheka.

Kalamu yenyewe ndiyo hii ninayoandikia. Febronia kafungua mlango, kaiona. Kanyoosha mkono aichukue —