Mwezi Ambao Chumba cha Juu ni Kitupu

10 Januari

Mwanangu kitindamimba,

U hali gani huko pwani kwenye chumvi? Sisi hapa wazima, ila goti langu la kulia limeanza ubishi, hasa nikikanyaga cherehani tangu asubuhi. Wanasema dawa ni kupumzika. Kupumzika sikujifunza.

Nimeamua kuja. Tangu tuuze nyumba baada ya msiba wa baba yako, sijatia mguu katika mji huo. Wewe ulikuwa wa kubebwa mgongoni. Kuuliza si ujinga: mwezi gani ni mzuri?

Mama yako

2 Februari

Mama, shikamoo.

Pole na goti. Mimi mzima, mikono tu imechubuka kwa sabuni.

Sasa hivi usije. Kwa joto hili, unavaa nguo kavu unavua mbichi. Juni hadi Agosti hewa ni tamu, lakini wageni wanajaa, vichochoro vya mji mkongwe havipitiki, kila mlango wa kale una mtu anayepigwa picha. Aprili na Mei ni mvua; mawe yanateleza na maduka mengi yanafungwa. Njoo Oktoba: bahari imetulia, wageni wamepungua.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Sijambo, na goti linakusalimu. Oktoba nimeisikia, lakini sikuuliza vizuri. Ile nyumba yetu ambayo sasa ni hoteli unakofua: chumba cha juu chenye dirisha la baharini, nilimokuzaa, huwa kitupu lini? Nataka kulala humo usiku mmoja.

Mama yako

8 Machi

Mama, shikamoo. Habari za nyumbani?

Hicho ndicho huchukuliwa cha kwanza. Hukaa kitupu Mei peke yake, kwa sababu paa linavuja. Nimemwuliza meneja, akasema, "Mei alale hata wiki, bure, mradi asilalamike." Lakini Mama, Mei! Ngazi zitakuvunja. Nakusihi, Oktoba.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Tu wazima. Mimi si chumvi niyeyuke. Nakuja Mei.

Mama yako

1 Juni

Mwanangu,

Nimefika salama, nguo bado hazijakauka.

Niliposema nimelala vizuri sikukudanganya. Nilisogeza kitanda mara mbili kukwepa matone, nikakumbuka baba yako alivyokuwa akikoroma, nikacheka peke yangu. Nilidhani nitalia, machozi hayakuja. Chumba chenyewe ni kidogo kuliko nilivyokuwa nakisimulia.

Kilichoniliza nilikiona siku ya kuondoka. Nilishuka kukutafuta chumba cha kufulia, nikakuta kitanda chako nyuma ya rafu za mashuka. Miaka yote unaniandikia kwamba umepanga mtaani! Nikakuuliza, ukasema, "Siwezi kuwaachia nyumba yetu watu wasiojua kuitunza."

Gari lilikuwa linangoja, nikapanda. Sasa nasema. Nyumba hiyo hatukunyang'anywa. Niliiuza kwa mkono wangu, mkala, mkasoma, na ningeiuza tena. Mimi nimeshaiaga. Wewe je?

Mama yako

17 Septemba

Mama, shikamoo. Natumai goti limekuonea huruma.

Samahani kwa kimya. Nilikasirika. Nilikunja mashuka kwa vishindo mpaka wenzangu wakauliza mashuka yamekosa nini. Nikasema moyoni, yeye alilala usiku mmoja tu, anajua nini? Kila nikishika kalamu nikujibu, neno huja lile lile, "nyumba yetu", na kila nikiliandika nalikata.

Wiki iliyopita nimepanga chumba mtaa wa juu, nyuma ya shule. Bahari haionekani, na kelele za watoto ni bure. Hotelini bado nafua, ila jioni navua aproni, natoka, naenda kwangu. Usiku wa kwanza niligeuka geuka kama samaki kikaangoni. Wa pili nililala hadi jua likanikuta.

Kitanda kimoja ninacho. Cha pili seremala ataleta Ijumaa, nimemwambia akifanye kifupi cha miguu, usipande kwa shida. Habari za miezi ziache, Mama. Njoo ukijisikia.

Mwanao