Beseni Lako la Chumvi

Mke wangu, Mama Mwenyekiti. Mimi ni Mbaptisti, na Biblia imetukataza kuapa. Lakini ningekuwa mtu wa kuapa, ningeapa mbele ya mchungaji na wanawake wote wa Umoja wa kanisa uliouongoza kwamba kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Kitinda mimba wetu ameniwekea sharti hilo kabla hajakubali kulipiga chapa tangazo hili la jarida la kanisa. "Baba," ameniambia, "mwandike Mama alivyokuwa. Ukitia chumvi hata punje moja, utalipa." Nimekubali. Unamjua mtoto huyo: pua kachukua kwangu, macho kachukua kwako.

Mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na viatu vyako vya Jumapili bado vimeelekea mlangoni kama vinasubiri miguu. Wanawake wako wa Umoja wananiuliza kila baada ya ibada ni lini watarudi kukaa sebuleni kwetu. Nawaambia wavumilie, sebule inapakwa rangi.

Wasiokujua wangependa kuelezwa, basi nieleze. Alhamisi mchana sebule yetu ilikuwa inajaa mpaka wengine wanakalia mikono ya makochi. Mlishona kofia na blanketi za watoto wachanga, mkafuma vitambaa vya meza vya kuuza nje ya kanisa, mkaimba, mkasengenya kidogo, mkaombea mliowasengenya. Ijumaa mlibeba vikapu kwenda wodi ya wazazi, kwa wale kina mama waliolazwa muda mrefu bila mtu wa kuwatazama. Mimi, mwendesha pampu za maji mstaafu, nilipewa kazi mbili: kupika chai na kunyamaza. Chai niliiweza.

Siku moja nilikuja na birika nikakuta mnazungumzia miujiza, na mdomo ukaniwasha. Nikawasimulia wageni wako jinsi bomba kuu lilivyopasuka nikiwa nimelisimamia. Maji yakanibeba juu, nikapita juu ya paa la kanisa, nikamwona mchungaji uani kwake anakata kucha. Nikamsalimia, akaitika, ndipo nikaanza kushuka. Sindano zote zikasimama. Wewe hukuinua hata uso kutoka kwenye mshono wako.

"Baba watoto, hapo umetia chumvi."

"Kidogo tu."

"Basi kalete hiyo kidogo. Duka liko wazi."

Nilidhani ni utani. Nikatazama huku na huku nione nani atacheka, hakucheka mtu. Nikaenda, nikarudi na pakiti ya chumvi, ukaipokea kwa mikono miwili kama sadaka, ukaitia kwenye lile beseni la bati lenye maua mekundu pale mlangoni. Mweka Hazina wenu, mama aliyeuza nafaka sokoni miaka yote na bado anapima uzito kwa kiganja, akasimama kunitetea. "Shemeji asionewe peke yake. Sheria iwe ya wote. Atakayetia chumvi, alete chumvi." Ikapita bila kupingwa, na chumvi ya beseni ikawa inaingia kwenye vikapu vya Ijumaa. Tangu hapo waliolipa ni wengi, hata mchungaji alilipa siku aliyosema mahubiri yatakuwa mafupi. Ila sote tunajua beseni lile lilijazwa na nani.

Nilikuuliza wakati mmoja kwa nini usinitoze sukari, angalau niheshimike dukani. Ukaonja mchuzi, ukatazama juu darini kama kawaida yako, kana kwamba jibu limeandikwa kule. "Sukari kila mtu anaikumbuka," ulisema. "Ukienda kumwona mgonjwa, sukari. Ukienda kwa mzazi, sukari. Mtu anatoka hospitali ana sukari ya kuogea na hana chumvi ya kutia kwenye mboga. Sukari ni ya wageni, Mzee. Chumvi ni ya siku wageni wakishaondoka."

Nilikuwa nawabebea vikapu Ijumaa, na nilikuona kazini. Wenzako walimuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Wewe ulimuuliza, "Ukirudi nyumbani, nani atakupikia?" Aliyejibu haraka ulimpa kikapu, ukamtakia heri. Aliyekawia kujibu uliketi kitandani kwake, ukatoa kitana mkobani, ukaanza kumchana nywele, na kabla hujafika kisogoni alikuwa amekwisha kukueleza yote.

Nakumbuka yule binti wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa amempoteza mtoto wake alfajiri ile. Kikapu chake kilikuwa na kofia na blanketi. Ulivitoa ukavificha chini ya mtandio wako kabla hajaona. Wenzako wakasimama kukizunguka kitanda, wakafumba macho, wakingoja uombe, kwa sababu maombi yako yalikuwa yanajulikana kwa urefu. Ukamshika mkono ukakaa kimya. Chai ya wodi ikaja ikapoa. Mwishoni ukasema, "Amina," basi. Njiani nikakutania kwamba leo Mungu amepumzika. Tulipofika nyumbani ndipo nilipoona upande mmoja wa mtandio umeloa.

Ni wewe uliyewaingiza katika lile jambo la tangi la maji ya moto. Uliona wazazi wapya wanaogea maji ya baridi, ukaja nyumbani ukaniuliza mimi mtu wa pampu tangi linafungwaje, ukayabeba maneno yangu yote mpaka kwenye kikao kama uliyezaliwa nayo. Mkaitisha mnada wa keki, na waume tukaamriwa kuoka. Yangu haikuumuka. Ilitoka nzito kiasi kwamba meza ilipiga goti. Ukaipandisha mnadani bila haya: "Keki hii ameoka mume wangu kwa mikono yake. Atakayeinunua aahidi kutoila." Fundi seremala akaichukua, na hadi leo ndiyo inayozuia mlango wa stoo ya kanisa usipigwe na upepo. Mwenye shaka aende akaangalie. Tangi likafungwa, na mchungaji alipokuja kulibariki ulikataa jina lako kuandikwa juu yake. "Andikeni MOTO," ulisema, "mtu asije akaungua."

Hukuwa malaika, na ungekuwa hai ungenitoza kama ningesema ulikuwa. Ulizima taa wakati mtu bado anasoma. Uliimba sauti ya tatu katika kwaya yenye sauti mbili. Ulipokasirika ulinipa "shikamoo" badala ya kugomba, na hakuna kitu kilichoniogopesha kama shikamoo ile.

Ugonjwa ulipokuja, wodi ilikuwa nyingine lakini vikapu vilikuwa vilevile. Umoja walikuja Ijumaa yao. Ulifungua kikapu chako mwenyewe, ukachungulia ndani, ukahakikisha chumvi imo, ukaridhika kama mwalimu aliyesahihisha. Walipoondoka uliniita karibu. Sauti yako ilikuwa imebaki nyembamba.

"Baba watoto, nisimulie lile la bomba."

"Unalijua."

"Nisimulie. Na leo usibanie."

Nikakusimulia. Nilipita juu ya paa la kanisa, nikapita juu ya hospitali, nikachungulia dirishani nikakuona umelala, nikakupungia mkono, nikaendelea kupanda. Ukacheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Kisha ukanishika kidole na kusema, "Hiyo utalipa." Ukageukia ukutani, ukalala. Hatukuzungumza tena.

Nyumbani hatujambo. Mimi nalala vizuri na nimekwisha kuzoea. Umoja bado wanakutana Alhamisi katika darasa la shule ya Jumapili, wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yanagusa videvu, kwa sababu fundi hajamaliza kupaka rangi sebule yetu.

Nilikuwa nimefika hapo, nimebakiza kutaja majina tu. Binti yetu alikuwa anapiga chapa kwenye meza ya jikoni, na Mweka Hazina amekuja kulichukua tangazo alipeleke ofisini kwa mchungaji. Binti akamsomea kutoka mwanzo. Kwenye paa la kanisa na kucha mama yule alitikisa kichwa, kwenye kitanda cha dirishani akavua miwani. Aya ile ya mwisho ilipokwisha, akairudisha miwani machoni.

"Shemeji, ni rangi gani hiyo mnayopaka?"

"Ya maziwa."

"Nimepita mlangoni pa sebule sasa hivi. Sijasikia harufu."

"Za siku hizi hazina harufu."

"Na fundi yuko wapi?"

"Amekwenda kula."

"Mwaka mzima yuko kwenye kula?"

Binti yetu akacheka, kisha akaacha kucheka. Akainuka, akachukua ufunguo nyuma ya kalenda, maana macho yale ni yako na yalikuwa yamekwisha kuuona siku nyingi. Akafungua mlango.

Unajua walichokikuta. Vitambaa vya makochi kama ulivyovitandaza. Mtandio wako kwenye mkono wa kiti. Ile kofia ya njano ya mtoto, nusu imefumwa, sindano imechomekwa. Vumbi limekaa juu ya kila kitu kwa adabu, kama mgeni asiyejua aondoke lini. Na beseni lako chini ya meza, limefunikwa kifudifudi. Mimi ndiye niliyelifunika, tuliporudi kutoka makaburini. Hakuna aliyenitoza tangu siku ile, kwa sababu hakuna hadithi niliyoisimulia. Vikapu vya Umoja vimekwenda wodini mwaka mzima vikiwa na sukari.

Mweka Hazina hakunidhihaki. Alipiga magoti, akaligeuza beseni. Chini yake kulikuwa na pakiti moja iliyobaki, imekuwa jiwe. Akaipima kiganjani, akaigonga kizingitini mara moja, akaisikiliza.

"Haijaharibika," akasema. "Imeshikana tu."

Kisha akakaa kwenye kochi, si kwenye kiti chako, akaomba asomewe tena, akanihukumu kama alivyokuwa akipimia watu mahindi, bila haraka na bila punguzo.

"Bomba nakusamehe. Lile hata mwenyewe alilipenda. Keki nakusamehe, ingawa keki ile niliila mimi na ilikuwa mbichi katikati, na mlango wa stoo unazuiwa na tofali. Rangi, utalipa. Fundi, utalipa. Kulala vizuri, utalipa, taa yako naiona kutoka kwangu." Akaiweka ile pakiti chini. "Lakini hili la kuzoea, Shemeji. Hili si la pakiti."

"Ni la nini?"

"Hili ni la gunia."

Nikataka kubisha. Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa maneno. Nitaishia hapo kukieleza, maana njia ya mwongo ni fupi na yangu ilikuwa imefika ukutani. Binti yetu alikuja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mikono mabegani kama ulivyokuwa ukifanya nikichelewa kuinuka mezani.

"Niifute hiyo aya, Baba?" aliniuliza baadaye.

Nikamwambia aiache. Anayetozwa faini hafichi kosa.

Basi nimekwenda dukani, mke wangu. Mwenye duka akanitazama na toroli langu, akauliza, "Mzee, unakausha samaki wa nchi nzima?" Nilikuwa na jibu zuri tayari, lenye ziwa ndani yake. Nikalimeza. Nikamwambia nalipa deni la nyumbani. Nimeleta gunia, na pakiti za rangi, fundi na usingizi. Mweka Hazina amezipokea zote mlangoni kwa mikono miwili. Na ilikuwepo pakiti moja zaidi ambayo hakunihukumia mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwepo zaidi ya mimi na wewe. Ni ya bomba lile la mwisho, la hospitalini. Nilikuwa naichelewesha makusudi. Niliona nikiilipa, mazungumzo yetu yatakuwa yamekwisha. Hiyo nimeitia besenini mwenyewe.

Alhamisi ijayo Umoja watakaa sebuleni. Kina mama wamefuta vumbi, isipokuwa kiti chako. Hicho nimekifuta mimi. Kofia ya njano imebaki ilivyo, hakuna aliyethubutu kuendeleza mshono wako. Chai nitapika. Kunyamaza sitaahidi. Na Ijumaa vikapu vitakwenda na chumvi.

Tunaokukumbuka ni mimi mume wako. Kifungua mimba wetu na mkewe, ambaye sasa naye huonja mchuzi akitazama dari. Kitinda mimba wetu. Wajukuu wako, akiwemo aliyezaliwa baada yako na kuvishwa jina lako. Dada yako na mawifi zako. Mweka Hazina na wanawake wote wa Umoja. Na kina mama wa wodi ile, wasiojua jina lako lakini wanaoga maji ya moto.

Hatutakusahau, Mama Mwenyekiti, si leo wala siku yoyote tutakayoiona. Na hapo sijatia hata punje.