Mzigo Niliomsingizia Mama Kabula

Bariadi, Jumanne

Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja, mimi mwenyekiti wa kikundi cha wakulima ndiye ninayewasihi wenzangu tuuze pamba safi na kavu, ili warudi na msimu ujao. Leo mnunuzi alikuta mzigo mmoja umeloweshwa maji uongezeke uzito. Ulikuwa wangu.

"Wa nani huu?" akauliza.

Nikamwonyesha Mama Kabula, mjane, aliyesimama karibu na mizani. Alinitazama, kisha akasema taratibu, "Mwenyekiti akisema ni wangu, basi ni wangu." Akaubeba kwenda kuianika ile pamba.

Jioni nilimfuata kwake, nikakiri.

"Nilijua, baba. Sasa waambie na wenzetu."

Nikamwomba tusubiri msimu uishe. Aliinama, akaendelea kuigeuza pamba yangu kwenye turubai.