Mji wa Suruali Ndefu

Jumatatu, 1 Septemba

Jengo limeuzwa. Mwenye nyumba kaja mwenyewe kutuambia, kavaa shati nililomshonea mimi – kola bado imekaa vizuri, nasema kweli – akasimama pale kibarazani anajikuna shingo. Mwisho wa mwezi tuwe tumetoka. Muuza miwani, mpangaji mwenzangu, kauliza kama mnunuzi mpya hatatuhitaji. Kajibiwa kwamba mnunuzi anahitaji maegesho ya magari.

Basi. Miaka kumi na tisa cherehani yangu imekaa pale, sasa patakaa matairi.

Ningeweza kuhamia mtaa wa pili. Sitaki. Hapa nilipo namwona Aliyekuwa ng'ambo ya barabara kila nikiinua kichwa. Nikihamia mtaa wa pili nitamsikia, maana wateja ni walewale na midomo ni ileile. (Niliapa siku ya talaka kwamba jina la mume yule halitaingia kwenye daftari langu. Ndiyo maana ni Aliyekuwa. Na yule mwanamke aliyemwoa baada yangu ni Mrithi.) Aliyekuwa kushona nilimfundisha mimi. Mwaka jana kafungua duka akaweka kibao, FUNDI BINGWA. Mifuko ya pembeni inamshinda hadi leo.

Nina akiba ya kuhama mara moja. Si mara moja na nusu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwambia Mama. Hakushtuka, aliendelea kukunja shuka. Kauliza tu: wapi? Nikasema bado nachagua. Kacheka! Kasema yeye na miaka yake sabini na minne, na magoti haya aliyopewa, anahama mara moja tu. Safari ya pili watambeba wanaume sita, na hatawauliza wanampeleka wapi.

"Kwa hiyo chagua vizuri, mwanangu."

Nikamwambia anaweza kukaa kwa kaka kwanza, mimi nitangulie nijaribu. Kaniangalia. Kwa kaka kuna mke wa kaka. Tukakunja shuka iliyobaki.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekwenda kwa Dada. Mji wa mlimani, baridi inaingia hadi kwenye meno. Kanipokea kwa shangwe: chumba cha nyuma kipo, hulipi hata senti, njoo na Mama. Kabla sijamaliza chai kaleta mapazia manne, suruali mbili za shemeji na magauni kumi na mawili ya kikundi chao. Nikauliza nani analipa. "Wewe si fundi, wewe ni ndugu!" Bure ya namna hiyo sijui kama naimudu.

Nikatoroka kwenda stendi kufanya kazi iliyonipeleka. Mimi siulizi watu biashara ikoje. Mtu atakudanganya, pindo halidanganyi. Nakaa penye wapitaji, nahesabu suruali mia moja: zilizokungwa pindo vizuri ngapi, zilizokunjwa kwa mkono ngapi, zinazoburuta chini ngapi. Mji wa suruali zinazoburuta hauna fundi. Elimu hii haina chuo, nimejipa mwenyewe.

Kwa Dada zinazoburuta ni nne. Nne! Na mmoja kati ya hao alikuwa amelewa, suruali ilikuwa safarini tu. Nikatafuta sababu, nikaikuta kichochoroni nyuma ya stendi. Mafundi saba wamejipanga, wawili wamelalia mashine.

Dada nimemwambia nitafikiria. Shemeji kanisindikiza hadi barabarani, kaangalia nyuma, kaninong'oneza: usije. Mtu mwema yule.

Jumanne, 9 Septemba

Mji wa kiwanda. Nimehesabu mia na zote ni za buluu. Kiwanda kinawashonea sare wafanyakazi wake, pindo zote sawa, utadhani miguu nayo ilitoka mashineni. Nikamuuliza mlinzi wa geti, siku ya mapumziko watu wanavaa nini? Kasema siku ya mapumziko watu wanalala.

Nimerudi na vumbi tu.

Jumatano, 10 Septemba

Aliyekuwa kavuka barabara. Kasikia nahama. Kaleta ushauri: niende mbali kidogo, nipate upepo mpya, mtu akikaa sana mahali pamoja anaota kutu. Nikamshukuru kwa mchango. Kasimamasimama, kashika mkasi wangu, karudisha mkasi. Hatimaye haja ikatoka: lile daftari la vipimo vya wateja, si sitalihitaji huko niendako?

Nikamwambia nalihitaji sana. Sikumwambia kwamba na yeye yumo, kurasa za nyuma ninakoandika haya.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepata!

Mji wa mizani. Magari makubwa ya mizigo yanasimama hapo kupimwa uzito, kwa hiyo mji wote umejipanga kando ya foleni. Barabara moja ya lami, zilizobaki ni vumbi jekundu. Nimeshuka saa tatu asubuhi, nimekaa kwenye benchi la muuza magazeti, nimefungua daftari. Mpaka saa tano – zinazoburuta sitini na tatu. Sitini na tatu! Zilizokunjwa kwa mkono ishirini na tisa, nyingine mikunjo mitatu, mizito kama maboya. Watoto mikono ya mashati imezungushwa kama bandeji. Mwanamume mmoja kavuka barabara huku kashika suruali kwa mikono miwili, kama mwanamke anayevuka mto. Mwingine yumo ndani ya koti ambalo angeweza kupangisha upande mmoja akabaki na nafasi.

Nilitaka kupiga kigelegele pale pale benchini.

Nimezunguka mitaa yote. Fundi hakuna hata mmoja. Nikamtafuta dalali, mtu wa maneno mengi na viatu vya kuazima. Kasema fundi alikuwepo, alihama. Kwa nini? "Mambo yake tu, mama. Watu hawalingani." Kanionyesha fremu ya duka mbele, chumba nyuma, bomba uani, choo mnachangia watu wanne, wote wastaarabu. Bei nafuu kuliko nilivyoota. Ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo.

Nimelipa. Leo leo. Kilichobaki ni nauli na gharama ya lori.

Nikampigia Mama. Kauliza kama nimeangalia vizuri. Nikamwambia nimehesabu mia nzima. Mia nini? Suruali. "Haya, mwanangu."

Jumatatu, 22 Septemba

Nimehamia. Cherehani imesafiri juu ya basi, imefika imenuna lakini inashona. Mama atafuata na vyombo Jumapili, lori la jirani.

Nimeandika kibao kwa mkono wangu: TUNAPUNGUZA NGUO – PINDO, KIUNO, MIKONO. Watu wanasimama, wanasoma, wanatabasamu, wanaondoka. Adabu nzuri sana. Najiambia ni ugeni.

Jumatano, 24 Septemba

Jana zipu moja. Leo kifungo kimoja, na mwenye kifungo kaja na uzi wake.

Nimekaa mlangoni siku nzima natazama riziki yangu ikipita, inafagia barabara kwa pindo. Hakuna anayegeuza shingo. Nimemwita mmoja, kijana mtu mzima, suruali imeliwa na kisigino. Nikamwambia hiyo dakika kumi tu, na kwa kuwa ni wa kwanza nakufanyia nusu bei. Karudi nyuma hatua mbili. Kweli, hatua mbili! Kama nimemwonyesha sindano ya hospitali.

Alhamisi, 25 Septemba

Sasa najua.

Jirani yangu anauza ndoo na mafagio. Mwanamke mpana, sauti ya kuita watu waliovuka mto. Asubuhi kaniletea uji, kakaa juu ya ndoo, katazama kibao changu kama mtu anayetazama jeraha.

"Dada yangu, hicho kibao nani alikushauri?"

Nikasema nimejishauri mwenyewe. Kuna nini?

Kanyooshea kidole suruali ya mumewe kwenye kamba uani. Hiyo, kasema, si ya mume wangu. Anaivaa tu. Hapa nyumba tatu nne za ukoo mmoja zinachanga, zinanunua nguo kwa pamoja mara moja kwa mwaka, na wananunua kwa kipimo cha aliye mkubwa kuliko wote. Aliye mkubwa kwao ni shemeji yake, yule mwenye tumbo. Mwezi ujao shemeji ana safari, zamu itakuwa yake. Baadaye itakwenda kwa mdogo wake, itarudi. Mtu mfupi anakunja, mrefu anakunjua, basi. Watoto vivyo hivyo.

"Ukikata pale chini, umemvua mtu ambaye hata hujamwona."

Na fundi aliyehama? Kacheka mpaka ndoo ikalia. Alimpunguzia mtu koti vidole viwili. Ukoo ukaitisha kikao, siku mbili. Hapana, hawakumpiga, wala hawakumtukana. Walimwomba tu arudishe kile kipande.

Nimekunywa uji wote. Ulikuwa mzuri. Nilihesabu mapindo mia, sikuhesabu ndugu hata mmoja.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimekwenda kwa mwenye nyumba kuuliza kama miezi mitano inaweza kurudi. Kacheka kwa heshima. Kaniuliza habari za Mama.

Nimefikiria kushona nguo mpya. Vitambaa vinataka mtaji, na mtaji wangu umelala kwenye mfuko wa huyo anayecheka. Nimefikiria kwa Dada. Mafundi saba, wawili usingizini, na mapazia.

Saa kumi nimempigia Mama, nimeshaamua nimwambie asubiri. Kapokea anahema. Kitanda kauza. Kabati kampa mke wa kaka, "asije akasema sikumwachia kitu." Majirani kawaaga juzi, halafu jana wakakutana naye sokoni ikabidi aage upya, hataki kuaga mara ya tatu, itakuwa mchezo.

Nikaanza: Mama, huku…

"Huku kuna nini?"

Nikasema huku usiku kuna upepo, aje na shuka nzito.

Mwoga mimi.

Jumapili, 28 Septemba

Mama kafika saa nane mchana. Dereva kamshusha kama trei ya mayai. Kasimama mlangoni kashikilia fremu, kaangalia cherehani, kaangalia meza. Juu ya meza kuna shati moja, na ni la kwangu. Kaangalia kibao. Jana nilifuta neno TUNAPUNGUZA na bado sijapata la kuweka, kwa hiyo kimebaki NGUO – PINDO, KIUNO, MIKONO. Kakisoma polepole, kama anavyosoma barua za serikali.

Nikasema, Mama, kaa kwanza nikuambie jambo.

Kauliza ufagio uko wapi.

Mama, magoti.

"Ufagio."

Nikampa. Nikaanza tena, nikafika kwenye "unajua watu wa huku." Kaninyooshea kiganja bila kugeuka. "Usiniambie sasa hivi. Niambie nikimaliza kufagia."

Muuza ndoo kaja kumkaribisha, kamwita mama yetu, kamuuliza safari. Mama kamjibu vizuri, kamuuliza hali ya nyumbani, kisha kamuuliza kama ana ufagio mgumu kuliko huu. Anao. Kauleta. Kaniangalia mimi, kamwangalia Mama, kaondoka kimya. Kumbe kimya anakiweza.

Hiyo ilikuwa saa nane na nusu. Chumba ni hatua nne kwa tano. Kafagia kutoka ukutani hadi mlangoni. Akafagia kutoka mlangoni hadi ukutani. Kasogeza cherehani peke yake, kafagia chini yake, kairudisha. Vumbi liliisha zamani. Sasa ni saa kumi kasoro, mimi nimekaa juu ya gunia la sufuria, daftari mapajani, namsubiri.

Kafika kona ya mwisho. Kapumzika kidogo, mkono kiunoni.

Kageuza ufagio. Anaanza tena.