Kura ya Mama

Bakoba,
Bukoba.
Jumapili, 14 Novemba 1965

Mpendwa Kaka Rweyemamu,

Pokea salamu za dada yako Anatolia. U mzima huko Dar es Salaam? Wifi Benigna hajambo, na kile kifua chake kimepona? Watoto je, bado wanajua hata neno moja la Kihaya, au sasa ni Kiswahili cha mjini tu? Mimi sijambo. Cherehani inakwenda, na wateja wa sare za shule hawanipi nafasi ya kupumua. Nina jambo zito la kukuambia, lakini Mama alitufundisha kwamba barua isiyo na salamu ni kama kubisha hodi kwa teke. Basi nimekusalimu.

Huku mvua ni nzuri na senene wameanza kuanguka. Kibanja cha Baba pale Kamachumu kimestawi. Mama anapalilia migomba mwenyewe na mgongo wake ule ule mbovu, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiwe utakayemlisha.

Sasa uchaguzi. Umeniandikia mara mbili ukiuliza ilikuwaje hata mdogo wetu Rugemalira akakosa ubunge, na vijana wote wa Muleba walikuwa upande wake. Sikukujibu kwa sababu sikujua. Sasa najua.

Wagombea walikuwa wawili, wote wa TANU. Rugemalira alipewa alama ya jembe, na Lwakatare, yule mwenye malori, alipewa nyumba. Walihutubia jukwaa moja, kwa Kiswahili, kama chama kilivyoagiza. Kaka, mdogo wetu alisema! Alisema habari za shule na bei ya kahawa mpaka mimi dada yake nikajisikia nimerefuka. Wazee wetu walikaa mbele wakapiga makofi sana, na nusu ya maneno hawakuyaelewa. Wao walikuwa wakingoja neno la mzee wetu, Ta Karugendo.

Unamjua kuliko mimi. Ndiye aliyemkabili Mwingereza siku zile za amri ya kukata migomba, akafungwa miezi minane, na migomba yetu ikabaki. Ndiye aliyetafuna kahawa yenye damu pamoja na Baba, wakafanya omukago, udugu wa damu, wakaapa kwamba hakuna atakayemdhuru mwenzake wala watoto wa mwenzake. Pale Kamachumu, Ta Karugendo akisema mvua inakuja, wazee wanaanua kahawa yao hata kama jua linawaka. Rugemalira hakwenda kumwomba msaada. Alisema mtu hapeleki maombi kwa baba yake.

Wiki moja kabla ya kura, mzee akaanza kupita nyumba hadi nyumba na fimbo yake. Anaketi, analetewa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, anatafuna taratibu, anauliza habari za ng'ombe. Akiinuka anasema kwa Kihaya, "Safari hii wekeni alama kwenye nyumba." Hakutoa sababu, na hakuna aliyemwuliza. Alipita hata kwa Mama.

Siku yenyewe nilicheka kidogo, maana Mzee Lameki alitoka kupiga kura akinung'unika, "Nyumba gani ile isiyo na hata mgomba mmoja! Lakini Karugendo amesema." Kicheko kile bado kinaniuma. Tulishindwa kwa kura mia nne na kumi na mbili.

Rugemalira alirudi nyumbani kwa baiskeli. Mama akampakulia ndizi za ebitoke na maharage, akamfariji, na katika kumfariji akamwambia bila kuficha kwamba na yeye aliweka alama kwenye nyumba. "Karugendo hawezi kumdhuru mtoto wa mume wangu," alisema. "Kama amesema nyumba, ameona jambo usiloliona. Baba yako angesema vivyo hivyo."

Mdogo wetu alinawa mikono, akaacha chakula bila kukigusa, akatoka. Ameomba uhamisho, sasa anafundisha Biharamulo, na hajakanyaga nyumbani tangu siku hiyo. Kila Jumapili Mama anamwekea chakula chini ya jani la mgomba mpaka kinapoa. Ananiuliza mimi, "Nilikosea wapi?" Nimjibu nini?

Nilimchukia Ta Karugendo, Kaka. Nilitembea mpaka kwake nimwambie hivyo machoni. Alinikaribisha, akaniletea akamwani kwenye kikapu chake kidogo. Nikakataa kuitafuna. Unajua maana yake kukataa kahawa ya ndugu wa omukago wa baba yako: ni kuukana udugu wenyewe. Akakiweka kikapu chini. Nikamwambia, "Waitu, mzee wangu, umevunja kiapo cha Baba."

Hakukasirika. Aliingia ndani, akatoka na bahasha. "Soma, mwanangu," alisema. "Baba yako alipokufa, nani alikalishwa kwenye kiti chake? Mrithi akinena, ni baba yako amenena. Nimkatae ndugu yangu nimsikilize kitinda mimba?"

Mwandiko niliutambua kabla ya kusoma. Ni ule ulionifundishia kuandika jina langu. "Rugemalira bado kijana, aachwe aive. Akipita sasa, mimi nitasimama wapi mwaka 1970? Naomba useme neno kwa wazee, kama baba." Chini yake jina lako.

Nilimwomba mzee msamaha nikatafuna kahawa yake, na ilikuwa chungu. Yeye alishika kiapo. Aliyekivunja amekaa Dar es Salaam, na baadaye akaniandikia mara mbili kuniuliza ilikuwaje. Nilijiona mjinga, Kaka. Ungemnyima Rugemalira kura yako mwenyewe ningekusamehe, lakini ulimpokonya kura ya mama yake kwa mkono wa mama mwenyewe.

Barua yako ninayo, mzee amenipa. Mama hajui kusoma, nami sijamsomea. Rugemalira pia sijamwambia. Noeli inakuja. Njoo umsomee Mama wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Usipofika, nitaisoma mimi, na Rugemalira atakuwa amekaa karibu.

Msalimie Wifi Benigna na watoto, hawana kosa. Shangazi Joviana anakusalimu, na Klaudia amejifungua msichana. Mama anakusalimu kuliko wote. Mushumbusi anayekuletea barua hii amebeba pia kifurushi cha akamwani, Mama aliichemsha na kuianika kwa mikono yake. Anasema uitafune ukimkumbuka Baba, kisha uje umwulize Ta Karugendo kwa niaba yake, yeye Mama alimkosea mzee nini. Anasema yeye ni mwanamke tu. Mwenye haki ya kuuliza ni mrithi.

Mungu akufikishe salama.

Dada yako uliyembeba mgongoni, na ambaye bado anakupenda,

Anatolia