Maneno ya Baba Mnarani

Zahanati ya Misheni,
Ntobeye, Ngara.
20 Mei 1979

Mpendwa Kaka Ansbert,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, huko Uganda au popote kikosi chenu kilipofika. Mama anakusalimu sana; miguu bado inamsumbua, lakini mwanzoni mwa mwezi alitoka kuvuna maharage. Mimi naendelea na uuguzi wangu.

Habari kubwa ya hapa ni mnara. Padre wetu, unajua anavyopenda kuongea na watu wa mbali kwa redio yake, amepata kibali cha kuitumia kwa ajili ya wagonjwa. Shida ilikuwa vilima: tukiita hospitali ya Biharamulo, hatusikiki. Ndipo akamleta fundi Laurian, Msukuma wa Shinyanga, asimike mnara mrefu kilimani na kufunga juu yake mtambo unaopokea sauti na kuirusha upande wa pili.

Baba alijitolea tangu siku ya kwanza. Kwa kifua kile chake! Alibeba vyuma, akapumzika, akabeba tena. Nilipomkataza alisema nimwache, ana haja yake. Laurian ndiye aliyenieleza haja yenyewe: Baba alimuuliza kama mtambo utafika kwa wanajeshi. Akamjibu kuwa utaishia Biharamulo. Baba akasema mnara haujaisha bado, tungoje.

Nilistaajabu, Kaka. Tangu ulipokuja na mgambo kuezua nyumba yetu ya Mbuba ili tuhamie kijiji cha ujamaa, Baba hakuwahi kulitamka jina lako. Hata ulipoaga kwenda vitani alijificha shambani.

Siku ya kujaribu, Laurian alipanda hadi kileleni, akafunga mtambo, akashuka mikono imekufa ganzi kwa upepo. Padre akaita, Biharamulo ikaitika safi, wanawake wakapiga vigelegele. Baba akaomba kipaza sauti. Akaongea Kihangaza chetu, akikuita kwa jina. Alisema siku ile alikuona juu ya paa ukilia huku unaezua, akajifanya hakuona, maana alitaka kukukasirikia. Alisema hasira hiyo imemchosha. Alisema urudi, uoe, ujenge karibu naye.

Kisha akangoja. Upande wa pili alikuwapo Gozbert, karani wa hospitali, kijana ambaye hatujawahi kumwona. Sauti ikatoka, nayo kwa Kihangaza: "Nimekusikia, Baba. Nitarudi."

Baba alirudisha kipaza sauti, akateremka kilima peke yake.

Sasa, Kaka, kaa chini. Nimezunguka sana kwa kuogopa kufika hapa. Baba yetu amefariki, Jumanne iliyopita. Kifua kilimzidi. Tuliita kwa redio, gari likaja mbio, likakuta amekwishakata roho. Tumemzika hapa Ntobeye.

Jioni ya mwisho nilimwambia atulie, kwani Ansbert amemsikia. Akanitazama kama mtoto. Akasema yule kijana ana moyo mzuri, Mungu ambariki, lakini Kihangaza chake kina Kisubi cha watu wa Biharamulo ndani, na yeye sauti ya mwanawe anaijua. Akaniagiza nikuandikie yote aliyoyasema, nisipunguze neno. Nimefanya hivyo.

Mama anasema usitoroke kazini kwa ajili ya msiba, uje utakaporuhusiwa. Ukipata karatasi, mwandikie yeye kabla yangu. Wasalimie wenzako wote, na Mungu awalinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Deodata