Jina Langu Kinywani mwa Moraa

Kwa Kerubo, mke wangu mpendwa, uliyelala kando ya migomba yetu,

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi mumeo Nyakundi, na nyumba nzima inakusalimu. Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu mvua za masika. Unisamehe pia kwa kuandika, maana misheni tulifundishwa kwamba waliolala hawapokei barua. Lakini jambo hili sina mwingine wa kumpelekea.

Kampuni yetu imesimama. Naliandika neno hilo, kampuni, na kukumbuka ulivyocheka nilipochora ubao wetu, “Nyakundi na Wana, Wainuaji wa Mizigo,” ilhali mwana tulikuwa naye mmoja tu, Ombati, tena yuko mgongoni mwako. Tulianza na kapi moja na kamba za mkonge ulizosokota mwenyewe. Kwa hizo tuliinua mawe ya vinu vya maji kabla ya vita; baada ya vita tukapata winchi, tukainua mashine za kahawa.

Mimi nilizungusha winchi nikiwa mbali, nisiuone mzigo. Wewe ulisimama ukingoni ukawa macho yangu. Ulinionya: “Watazamaji hupiga kelele, kila mtu na lake. Usisimamishe mpaka usikie jina lako.” Nimelishika agizo hilo miaka yote, na ndilo lililokaribia kutuulia mtoto.

Ulipotutoka, Moraa, mke wa Ombati, alichukua nafasi yako ukingoni kama ulivyomfundisha. Ombati akawa kwenye winchi, naye Moraa akamwita mumewe kwa jina bila shida. Kisha Bwana Salimu, yule mfanyabiashara wa Kisii mjini, akatupa kazi ya kuteremsha jiwe la kinu chake kipya mtoni, chini ya Sironga. Shimo la kuliweka lilikuwa jembamba. Ombati akaingia mwenyewe ili aliongoze jiwe, nami nikashika winchi. Hakuna aliyefikiri. Kerubo, sisi sote ni Abagusii, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka chinsoni, kwamba mke wa mwana halitamki jina la baba mkwe wake!

Jiwe lilikuwa limefika katikati mguu mmoja wa nguzo zetu zinazobeba kapi ulipoanza kuzama katika tope. Moraa akapiga kelele, “Shika!” Nilisikia. Lakini watu wote walikuwa wakipiga kelele, nami nikaendelea kulegeza kamba. “Shika! Shika, baba!” Kina baba walikuwa wengi pale. Nikalegeza tena.

Ndipo akalia kwa sauti iliyofika ng’ambo ya mto: “Nyakundi! Shika!”

Nikashika. Jiwe lilisimama juu ya bega la Ombati, karibu sana, hata alipotoka vumbi la jiwe lilikuwa shatini mwake.

Hakuna aliyeshukuru. Ndugu yangu Onchari alitema mate, akasema mbele ya watu, “Leo amekuita jina, kesho atakuogesha.” Wakacheka. Moraa aliweka kitambaa chake kichwani vizuri, akaondoka kwa miguu mpaka kwa baba yake, kijijini Gesima.

Tuliliegemeza jiwe juu ya magogo, na huko limekaa. Ombati anasema haingii shimoni kwa sauti ya mtu mwingine ila mkewe. Bwana Salimu amekuja na adabu zake zote: “Mzee, jiwe langu limelala kama bibi harusi asiyetaka kushuka garini. Nisubiri, au niite mafundi wa Kisumu?” Onchari na wazee wakataka ukoo wa Moraa ulete mbuzi wa kuondoa aibu.

Mbuzi ametoka zizini mwangu. Nilimpeleka mwenyewe hadi Gesima. Uniwie radhi, ni yule mweusi uliyempenda. Moraa alibaki nyuma ya ukuta, ndivyo ilivyo heshima, nami nikasema na ukuta: “Mokamwana, mke wa mwanangu, nyumbani tutaheshimiana kama zamani. Lakini mzigo ukiwa hewani, jina langu ni lako.”

Akauliza, “Na Baba Onchari akinicheka tena?”

“Mwambie aingie shimoni yeye.”

Nikasikia akicheka huko nyuma, kidogo tu, kisha akilia.

Amerudi jana. Kesho asubuhi tunalimalizia jiwe lile. Ombati atakuwa chini, mkewe ukingoni, nami kwenye winchi. Nguzo tumezikalisha juu ya mwamba. Hata hivyo, nimezikagua kamba mara tatu leo, na kabla ya kulala nitazikagua tena.

Lala salama, mama wa mwanangu. Nakuahidi kwamba nitakaposikia jina langu sitauliza limetamkwa na nani.

Barua hii ataileta Ombati. Nimemwomba apite kaburini kwako kesho jioni akirudi kutoka shimoni, si asubuhi akienda.

Mumeo,
Nyakundi